Kiti Chini ya Hita

Nestor Pawlyshyn aliogopa moto maisha yake yote, na waliomjua hawakumcheka sana kwa hilo. Alikuwa bado mtoto wa shule ghala la baba yake lilipoteketea, kule shambani kaskazini ya mji wa Dauphin, na farasi wawili wakiwa ndani. Sauti za wale farasi hakupata kumsimulia mtu, hata mkewe.

Kwa hiyo alipostaafu useremala wa maghala ya nafaka, akaigeuza gereji ya nyuma ya nyumba kuwa karakana yake, mambo yote aliyapanga kwa kumkwepa adui yule mmoja. Maranda yalifagiliwa kila jioni. Vanishi na mafuta ya kupaka mbao vilikaa kwenye kibanda cha bati, mbali na gereji. Vitambaa vilivyolowa mafuta alivitandaza juu ya uzio vikauke, maana alijua vikirundikwa vinaweza kujiwasha vyenyewe. Karibu na mlango alitundika mtungi mwekundu wa kuzimia moto, na kila mara aliutupia jicho kuona kama mshale wake bado uko kwenye kijani.

"Kume, siku ukifa utaomba tukuzike na huo mtungi," Walter Stebelski alikuwa akimwambia. Walter alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyemsimamia Darka, binti yake Nestor, siku ya ubatizo. Tangu siku hiyo wawili hao hawakuitana tena kwa majina. Waliitana kume, kama wazee wao walivyofanya.

"Na wewe tutakuzika na mdomo wako," Nestor alijibu, "ila sijui tutapata jeneza la kuutosha."

Shida ya gereji ilikuwa baridi. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi theluji iyeyuke, gundi iligoma kushika, patasi ziliganda mikononi kama vipande vya barafu, na Nestor alilazimika kufunga karakana. Miezi hiyo alizunguka ndani ya nyumba kama mbwa aliyefungiwa. Alifungua makabati ya jikoni akayafunga, akarekebisha bawaba zisizo na kasoro, mpaka mkewe Orysia akamfukuza akanywe kahawa mjini.

Halafu Orysia akaanza kusahau.

Ilianza vuli moja, kidogokidogo. Alisahau sufuria ya borshi motoni mpaka ile supu nyekundu ikawa lami. Aliuliza jambo, akajibiwa, akaliuliza tena kabla jibu halijapoa. Kisha siku moja theluji ikianguka alitoka na ndara za chumbani akielekea shule aliyokuwa akipika chakula cha watoto zamani, shule iliyokwisha fungwa. Dereva wa gari la mikate alimkuta barabarani akamrudisha, miguu imebadilika rangi. Daktari alimpima kwa maswali, akasema ni ugonjwa wa kusahau, umeanza, na hauna dawa.

"Tato, mpeleke kwenye nyumba ya wazee," Darka alisema kwenye simu kutoka Winnipeg. "Huwezi kumlinda peke yako."

"Mke wangu si mzigo wa kupeleka stoo."

"Sijasema mzigo. Nasema huwezi."

"Nitaweza. Atakaa na mimi karakanani. Nitapasha moto gereji."

Walter ndiye aliyepata hita. Ilikuwa ya gesi, sanduku kubwa la bati lenye feni yake, iliyotoka kwenye duka la matairi lililofungwa mwaka uliopita. Walter alikuwa na mkono mwepesi wa kazi za mabomba, ingawa cheti cha gesi hakuwa nacho. Waliitundika darini, wakapitisha bomba la moshi juu ya paa, wakaiunganisha na bomba la gesi linaloingia nyumbani.

"Hii haitaki ruhusa ya mji?" Nestor aliuliza akiwa juu ya ngazi.

"Ruhusa? Kume, tukianza kuomba ruhusa tutaitundika mwezi wa Agosti. Shika hapo."

"Na ule moto wake? Vumbi la mbao likiufikia?"

"Uko juu kule, umefichwa ndani ya bati. Vumbi litapandaje? Lina mbawa?"

Nestor hakuridhika. Aliizungushia waya wa nyavu, akahakikisha hakuna ubao unaoegemea karibu, akajiapiza kutopaka vanishi wakati hita inawaka. Moto aliufikiria kwa kila upande. Mengine hakuyafikiria, kwa sababu hakuwahi kuyaona.

Siku ya kwanza alimleta Orysia amekunjwa blanketi, akamkalisha kwenye kiti cha mikono kilichotoka sebuleni. Orysia alilalamika kwamba upepo unamng'ata vifundoni. Nestor akapiga magoti na taa ya mkono, akautafuta ule upepo. Aliziba ufa wa chini ya mlango mkubwa kwa mpira, akashindilia sufi kwenye kuta, akapiga silikoni kuzunguka dirisha. Kila tundu aliloligundua aliliziba, na kila alipoziba alimuuliza mkewe, "Sasa je?" mpaka aliposema, "Sasa pazuri."

Kisha Orysia akaanza kukohoa kwa vumbi la msumeno. Nestor akanunua feni kubwa, akatoboa ukuta, akaifunga ivute vumbi na kulitupa nje. Ilikuwa na nguvu kiasi kwamba ukiiwasha mlango mdogo ulijivuta wenyewe ukajibana. Nestor aliufurahia ule mlango. Aliona ni alama ya kazi nzuri, kwamba gereji imezibika sawasawa.

Mwisho wa yote alikisogeza kile kiti mpaka mahali pazuri kuliko pote, chini ya hita, pale hewa ya moto ilipoteremkia.

Wiki za mwanzo zilikuwa njema. Orysia alipanga skrubu kwa ukubwa kwenye makopo ya kahawa, akakunja karatasi za msasa, akaimba nyimbo za kwaya ya kanisa sauti ya pili, naye Nestor akimfuata sauti ya tatu huku anapiga randa. Nje baridi ilifika thelathini chini ya sifuri na theluji ililia chini ya viatu. Ndani Orysia alivua koti. Walter alipita na chupa ndogo mfukoni, akasimama akipasha viganja.

"Mmeona? Hawaii hii. Bado minazi tu."

Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika. Nestor alipata kichwa cha kuuma, kizito, kama amevaa kofia ndogo. Kikimzidi alikwenda ndani kuandaa chakula, na akirudi kilikuwa kimepungua. Akasema ni uzee, ni miwani, ni mawazo. Orysia hakwenda ndani. Alikaa tu pale palipo na joto. Alianza kusinzia asubuhi na mapema. Chakula alikikataa, mara nyingine alikitapika. Skrubu zilimponyoka vidoleni zikabingirika sakafuni, naye akazitazama kama vitu vya mtu mwingine. Nyimbo zikakatika katikati. Siku moja alimtazama Nestor kwa upole akamwita Ivan, jina la kaka yake mwenyewe aliyekufa zamani.

"Unazidi," Nestor alimwambia Darka kwenye simu. "Ugonjwa unakwenda mbio."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema kuna wanaokwenda polepole na kuna wanaokwenda mbio."

Kwa hiyo Nestor alizidi kumtunza. Kadiri alivyomwona ananyong'onyea ndivyo alivyoongeza joto, na kadiri alivyokohoa ndivyo alivyoiacha ile feni iendelee.

Mara tu baada ya Krismasi ya kalenda ya zamani, ile ya mwanzoni mwa Januari, Stefka, dada yake Orysia, alianguka jikoni kwake huko Canora, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Hao wawili walikuwa pete na kidole. Kwa miaka mingi walipigiana simu kila Jumapili baada ya misa, na mwaka Stefka alipofiwa na mume, Orysia alihamia kwake majira yote ya baridi. Nestor alivuta stuli, akamshika mkewe mikono yote miwili pale kitini.

"Orysia. Stefka amefariki."

Orysia alicheka. Kilikuwa kicheko chepesi, cha mtu aliyetaniwa. "Stefka? Stefka yuko jikoni anakanda unga."

Alimwambia tena, naye akacheka tena. Darka alisema kwenye simu, huku analia, kwamba kumpeleka mama mazishini katika hali ile ni kumdhalilisha. Akianza kucheka mbele ya jeneza itakuwaje? Nestor alikubali. Alikwenda Darka peke yake. Siku ya maziko Nestor na Orysia walikuwa karakanani, hita inanguruma, naye Orysia alilala kutwa nzima, mdomo wazi.

Mwezi wa tatu, baridi ikiwa bado haijalegea, Nestor alikuwa anabana fremu ya mlango wa kabati kwa gundi. Feni inavuta. Aligeuka kumwambia mkewe kwamba wataenda kula, akaona kichwa chake kimelalia bega kwa namna isiyo ya usingizi, na ute unamtiririka. Akamwita. Akapiga hatua kumfuata, sakafu ikainuka upande mmoja, akajikuta amepiga goti bila kupenda. Miguu haikumtii. Alijivuta hadi kwenye meza ya kazi, akaikuta simu, akabonyeza. Baadaye hakukumbuka alisema nini. Walimwambia kwamba alitaja jina la mtaa wake vizuri, kisha akaomba msamaha kwa usumbufu.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume. Mwanamke ndiye aliyeingia kwanza, na hakuwa amefika hata kwenye kiti wakati kidude kilichoning'inia kwenye begi lake kilipoanza kulia kwa sauti kali. Alikitazama mara moja tu.

"Nje!" alipiga kelele. "Nje wote! Fungua mlango mkubwa!"

Walimburuta Orysia pamoja na kiti chake mpaka kwenye theluji. Kisha wakarudi wakamkokota Nestor kwa makwapa. Alilala chali uani anaangalia mbingu nyeupe, hewa ya baridi ikimkata mapafu kama wembe.

"Mzee, hita iliyomo humo ni ya aina gani?"

"Mke wangu ana ugonjwa wa kusahau," Nestor alisema.

"Nimekusikia mzee. Nakuuliza hita."

"Hakuna moto," Nestor alisema. "Moto nauangalia mimi."

Hospitalini waliwafunga vinyago vya oksijeni. Ilikuwa gesi ileile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani: haina rangi, haina harufu, haimkohozi mtu. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa. Nestor alikuwa nayo ya kutosha kumlaza. Orysia alikuwa nayo nyingi zaidi, na daktari alisema hiyo haikuwa ya siku moja. Alikuwa akiivuta majira yote ya baridi.

Darka alifika na koti halijafungwa vifungo. Alimbusu mama yake aliyekuwa hajitambui, kisha akamtoa baba yake hadi koridoni, na kinyago chake mkononi.

"Nilikuuliza kila wiki, Tato. Kila wiki! Unanijibu ugonjwa unakwenda mbio."

"Nilidhani..."

"Ulidhani! Kichwa kilikuuma na wewe, hukujiuliza?"

Nestor akarudi akakaa kando ya kitanda, akairudisha ile kamba ya kinyago nyuma ya masikio yake mwenyewe.

Alipotoka hospitali, kampuni ya gesi ilikuwa imekwisha kata bomba. Alimwita fundi wa gesi mwenye cheti, mama mmoja aitwaye Lorraine Ducharme, mtu wa palepale Dauphin, mnene, mwenye sauti ya taratibu. Walter alikuja pia, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Siku hiyo hakuwa na utani.

Lorraine alipanda ngazi, akafungua ubavu wa hita, akashuka na ngumi iliyofumbwa. Alipoifumbua ilikuwa imejaa vumbi la mbao laini kama poda.

"Hili limeziba vichomeo. Moto ukikosa hewa unawaka vibaya, unatoa hii sumu. Lakini hata hivyo ingepanda na bomba ikatoka juu. Hebu niwashie hiyo feni yako."

Nestor aliwasha. Mlango mdogo ukajivuta ukajibana, pwaa, kama kawaida. Lorraine aliwasha kijiti cha kutoa moshi akakipandisha hadi kwenye mdomo wa bomba la hita. Moshi ulipaswa kupanda kwenda paani. Badala yake ulijipinda, ukateremka, ukasambaa juu ya mahali palipokuwa na kiti.

"Feni inatupa hewa nje kwa nguvu," Lorraine alisema. "Lazima iipate hewa hiyo kutoka mahali fulani. Umeziba kila tundu mzee, umeziba vizuri sana. Tundu lililobaki ni moja tu, bomba la moshi. Basi inavuta hapo. Inavuta moshi wa hita inaurudisha ndani."

Nestor aliutazama ule moshi mpaka kijiti kikaisha.

"Mimi ndiye niliyeifunga hita," Walter alisema kutoka mlangoni.

"Sijauliza nani," Lorraine alijibu, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Walipobaki wawili Walter alisema, "Kume." Nestor alipita mbele yake, akaenda ndani. Tangu hapo, kwa muda mrefu, ilipoanguka theluji Walter alisafisha njia ya nyumba zote mbili kabla Nestor hajaamka.

Orysia alizinduka polepole. Kwanza alijua mkono ni mkono na kijiko ni kijiko. Kisha akamjua Darka. Asubuhi moja, theluji imeanza kudondoka maji kutoka paani, alimtazama Nestor akamwambia, "Mzee, umekonda. Nani anakupikia?" Nestor alitoka akasimama bafuni na bomba la maji limefunguliwa ili asisikike.

Orysia alirudi nyumbani anatetemeka mkono wa kulia. Kufuma hakuweza tena, na majira yote ya baridi yalikuwa yamefutika kichwani mwake kama hayakuwapo. Lakini alikuwa Orysia. Alikanda unga wa pyrohy, vile viandazi vya kuchemshwa, kwa mkono wa kushoto, akazijaza viazi na jibini, akamgombeza Nestor kwa kuzibana vibaya kingo. Daktari hakuthubutu kusema ni kiasi gani kilikuwa ugonjwa na kiasi gani kilikuwa gesi. Alisema wangoje waone.

Jumapili ya kwanza waliyorudi kutoka kanisani, Orysia alivua skafu, akaketi karibu na simu.

Nestor alijua. Alikuwa amekaa na jambo hilo wiki nzima kama mtu aliyemeza mfupa.

"Stefka hajapiga," Orysia alisema. "Au nimpigie mimi?"

"Orysia."

"Nini? Mbona umesimama kama nguzo?"

"Stefka alifariki. Mwezi wa kwanza. Moyo."

Safari hii hakucheka. Alimtazama mumewe, midomo inasogea kama anayehesabu.

"Mwezi wa kwanza," alisema. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa. Nilikwambia. Hukuelewa. Ulicheka."

"Nilicheka."

"Mara mbili."

"Na mazishini nilicheka pia?"

Nestor alilazimika kusema. "Hatukukupeleka. Tuliona haifai."

Orysia aliinuka. Alikuwa mwanamke mfupi, na alisimama ameshika ukingo wa meza kwa mkono ule unaotetemeka, vikombe vikigongana. "Mlimzika dada yangu na mimi mmeniweka chini ya hilo dude lako kama kuku wa kuatamia," alisema kwa sauti ya chini. "Mkasema ni mimi niliyeharibika."

Alikwenda chumbani. Nestor alimsikia akifungua dirisha. Kuanzia usiku huo hakulala tena chumba kilichofungwa, hata baridi ilipokuwa kali. Nestor alilala kando yake amevaa kofia ya sufu na soksi mbili, na majira ya baridi yaliyofuata bomba la maji la chumba kile liliganda likapasuka. Hakumwomba afunge hata mara moja.

Kiangazi Orysia alimwambia, bila kumtazama, "Kaburi la Stefka lina kijiti tu. Mtengenezee msalaba. Wa mwaloni, wenye mikono mitatu ya kukingama kama ule wa kanisani, na uukate vizuri."

Nestor alikuwa ameapa kutoingia tena gerejini kufanya kazi. Lakini mwaloni aliokuwa nao ulihitaji kukaa mahali pakavu, na vuli ilipoanza kubisha hodi na gundi ikagoma kushika kule uani alikofanyia kazi, alimpigia Lorraine Ducharme. Safari hii kibali cha mji kilipatikana kwanza. Lorraine alifunga hita mpya ambayo moto wake umefungiwa kabisa ndani ya sanduku: bomba moja linavuta hewa yake kutoka nje, na bomba la pili linatoa moshi nje, wala haivuti hata pumzi moja ya gerejini. Alitoboa tundu lenye kifuniko ukutani, linalojifungua kila feni ikiwashwa, ili feni ipate hewa kutoka mahali pa halali. Akatundika kengele mbili za gesi zenye namba, moja gerejini na nyingine jikoni.

"Ikionyesha sifuri unafanya kazi," alisema. "Ikilia, unatoka, hata kama una kidole ndani ya msumeno. Na mimi nakuja kila vuli kuisafisha. Usiiguse."

"Siigusi."

Orysia hakuingia. Nestor akiwa kazini, yeye alikuja mpaka uani akiwa na koti na mabuti, akasimama kwenye theluji ya kwanza, akimtazama kupitia dirishani. Nestor akiinua kipande cha mwaloni amwonyeshe, naye aliitikia kwa kichwa au alitikisa kukataa. Siku ya kuunganisha ile mikono mitatu Nestor alifungua mlango mkubwa wote, joto lote likakimbia, akafanya kazi mikono inakufa ganzi, ili mkewe aone kwa karibu.

"Huo wa chini umeulaza sana," Orysia alisema kutoka nje.

"Ndivyo unavyotakiwa kulala."

"Najua unavyotakiwa. Umeulaza sana."

Aliupunguza. Waliupeleka Canora kabla ardhi haijaganda. Walter ndiye aliyeendesha gari, kwa kuwa Orysia alikwenda mwenyewe mlangoni kwake akamwambia, "Unatuendesha Jumamosi," akageuka kurudi. Makaburini Walter alichimba shimo la msalaba peke yake, akakataa kupokewa koleo, na Nestor alipomwona anahema akamwambia, "Pumzika, kume, usije ukatuongezea kaburi." Walter aliinamia koleo, mabega yakamtikisika, ikawa vigumu kujua kama anacheka. Orysia alipiga magoti penye udongo mbichi. Alizungumza na dada yake kwa sauti ya kawaida, kama vile wako kwenye simu, akimweleza habari za wajukuu na bei ya vitunguu.

Huo ndio uliokuwa mwaka wao mzuri wa mwisho, na haukutimia mwaka.

Kabla Krismasi haijafika Orysia aliuliza kitu, akajibiwa, akakiuliza tena. Nestor alisimama na kijiko mkononi. Akatazama kengele ya jikoni: sifuri. Akatoka bila koti akaenda gerejini: sifuri. Alibonyeza kitufe cha majaribio, ikalia kama inavyotakiwa. Siku iliyofuata Orysia alivaa viatu kinyume, cha kushoto mguu wa kulia, na Nestor akampigia Lorraine.

Lorraine alikuja na kipimo chake, akapita gereji nzima, akapita nyumba nzima, jikoni, chumbani, chini kwenye tanuri la kupashia nyumba joto. Nestor alimfuata nyuma karibu amkanyage visigino.

"Mzee, hamna kitu. Hewa ni safi."

"Pima tena."

"Nimepima mara mbili."

"Tafadhali. Pale kwenye kitanda chake. Pima tena."

Lorraine alimtazama, akaelewa anachoombwa, akapima tena, taratibu, akikishusha kipimo mpaka kwenye mto. Kisha akakizima. "Pole sana," alisema.

Nestor alimpigia Darka.

"Safari hii si hita," alisema. "Ni yeye."

Darka hakumwambia tena habari ya nyumba ya wazee. Nestor mwenyewe ndiye aliyeomba, majira ya kuchipua. Orysia aliishi huko chini ya miaka mitatu. Wahudumu walilalamika kwamba kila mara anafungua dirisha, na Nestor akawatengenezea kizuizi kidogo cha mbao, ili lifunguke upana wa kiganja na lisizidi. Walimzika Canora, karibu na Stefka.

Nestor aliendelea na karakana kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Lakini akawa na tabia mpya, na mji mdogo ule uliichoka haraka. Akisikia mtu amefunga hita gerejini kwake, alikwenda, hata kama hamjui, akagonga.

"Hita yako inavuta hewa wapi?" aliuliza, hata salamu hajamaliza.

Wengine walimkaribisha, wakamwonyesha, wakampa kahawa. Wengine walimwambia iko sawa, wakafunga mlango. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa akichonga mitumbwi alimwambia waziwazi, "Mzee Pawlyshyn, pole kwa yaliyokupata, lakini gereji yangu ni yangu."

"Ni yako," Nestor alikubali. "Una feni?"

"Ninayo."

"Umeziba mlango?"

"Kuna baridi, mzee, bila shaka nimeziba."

"Basi fungua dirisha kidogo. Leo tu, mpaka fundi aje."

Mwalimu alishusha pumzi akafunga mlango. Nestor alibaki uani, mikono mfukoni, akilitazama lile dirisha lililofunikwa na ukungu wa joto kwa ndani. Alikaa hapo mpaka Walter, aliyekuwa akimngoja ndani ya gari barabarani, akapiga honi. Hata hapo hakuondoka. Ndipo dirisha likasukumwa kutoka ndani, kwa hasira, upana wa vidole viwili hivi, naye akageuka kurudi garini.

"Amekutukana?" Walter aliuliza.

"Kidogo."

"Twende wapi sasa?"

Nestor alimtajia nyumba nyingine.